Mizani Nayo Haina Budi Kupimwa

Hapana ugomvi mkongwe katika biashara ya mazao kuliko ugomvi wa mizani. Mkulima hufika kituoni na gunia lake akiwa na hakika ya jasho lake. Mnunuzi humpokea akiwa na hakika ya fedha yake. Na baina yao husimama mtu mmoja, au chombo kimoja, chenye kutoa hukumu. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mapema kwamba jambo hili si dogo, kwani katika Kurani iko sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, nayo ni Al-Mutaffifin. Na wazee wetu waliouziana kwa pishi na kibaba walijua fika kwamba kibaba cha kununulia na kibaba cha kuuzia havikulingana daima, ijapokuwa vyote viwili viliitwa kibaba.

Lakini uzito ni nusu tu ya ugomvi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni ubora. Kilo ni kilo. Ila ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mali hii ni ya daraja la kwanza na ile ni ya daraja la tatu? Na akisha kusema, mkulima ana njia gani ya kujua kwamba ameambiwa kweli?

Leo tunapenda kulitazama suala hili kwa mfano wa zao ambalo halipatikani visiwani mwetu, nalo ni sufu, yaani manyoya ya kondoo, ambayo tusiyachanganye na sufi ya msufi tunayojazia mito. Tumeichagua sufu kwa makusudi. Wafugaji na wanunuzi wake wamekwisha pita njia ndefu kutoka katika hukumu ya jicho na kidole hadi katika hukumu ya chombo, na katika njia hiyo wamejifunza somo ambalo sisi wa Unguja na Pemba, raia na watumishi wa Serikali kwa pamoja, tutanufaika nalo: kwamba chombo nacho huhitaji hakimu wake.

Kondoo anapokatwa manyoya, kinachoanguka chini si sufu peke yake. Ndani yake yamo mafuta yatokayo katika ngozi ya mnyama, chumvi ya jasho lililokauka, vumbi la malishoni, na mbegu na miiba ya majani. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Yako marobota mawili, kila moja lina uzito wa kilo 180. La kwanza likifuliwa hutoa sufu safi asilimia 50, na la pili asilimia 70. Basi la kwanza lina kilo 90 za sufu na la pili lina kilo 126. Kwenye mizani marobota hayo ni ndugu pacha. Kiwandani yanatofautiana kwa kilo 36. Mwenye kuijua tofauti hiyo kabla ya kununua ana nguvu juu ya yule asiyeijua.

Jambo la pili ni wembamba wa unyuzi. Unyuzi wa sufu hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sufu nyingi ya kondoo aina ya merino huwa baina ya mikroni 17 na 23, na ile ya mazulia hupita 30. Nywele ya binadamu ni nene kuliko zote hizo. Unyuzi mwembamba hutoa uzi mwembamba, na uzi mwembamba hutoa nguo nyepesi na laini. Kwa hiyo bei ya sufu ya mavazi huongozwa zaidi na kipimo hiki kuliko na kingine chochote. Lakini ni jicho gani la binadamu liwezalo kutofautisha mikroni 19 na mikroni 20?

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mabingwa. Bingwa alichukua kishungi cha sufu, akakivuta, akakitazama kwenye mwanga, akakipapasa kwa vidole, kisha akakitajia namba. Namba hizo zilitokana na viwanda vya Bradford, Uingereza. Sufu ya namba 64, kwa mfano, ilikuwa ni ile ambayo ratili moja yake ikishachanwa ingeweza kusokotwa mafundo 64 ya uzi, kila fundo lenye urefu wa yadi 560. Kwa maneno mengine, bingwa aliitazama sufu mbichi yenye vumbi, akakisia uzi utakaotoka humo baada ya miezi kadhaa.

Alikisia kwa dalili gani? Kubwa kuliko zote ilikuwa mikunjo. Unyuzi wa sufu haukunyooka bali una mawimbi madogomadogo, na iliaminika kwamba kadiri mawimbi yanavyosongamana ndivyo unyuzi ulivyo mwembamba. Mwaka 1929 mtaalamu J. E. Duerden, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alitoa jedwali lililounganisha idadi ya mikunjo na unene wa nyuzi za sufu ya merino. Jedwali hilo liliheshimiwa sana. Lakini vipimo vilivyofuata katika nchi mbalimbali vilionyesha kwamba uhusiano huo, ingawa upo, umelegea mno kuweza kutegemewa katika kila kundi la kondoo. Kondoo mwenye mikunjo michache aliweza kuwa na sufu nyembamba, na mwenye mikunjo mingi akawa na sufu nene. Wafugaji wengi, basi, walilipwa kwa mikunjo na wala si kwa wembamba wa sufu yao.

Hatusemi kwamba mabingwa wale walikuwa wadanganyifu. Walikuwa mafundi wa kweli, na jicho lao lilijaa elimu ya miaka. Lakini jicho la fundi lina kasoro moja ambayo uaminifu peke yake hauiondoi: hukumu yake haiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Mfugaji akikataa, hana pa kukatia rufaa ila kwa jicho jingine, na mara nyingi jicho hilo jingine nalo limeajiriwa na mnunuzi.

Ndipo vilipoingia vyombo. Bomba la chuma lenye ncha kali huchomwa katika kila robota na kutoa sampuli ya kilichomo ndani. Sampuli hufuliwa maabara, hukaushwa, na uchafu uliosalia hupimwa mmoja mmoja: majivu kwa kuchoma, mafuta kwa spiriti, na takataka za mimea kwa kuiyeyusha sufu katika magadi makali hadi yabaki majani na miiba tu. Kutokana na hayo hupatikana asilimia ya sufu halisi.

Kwa wembamba wa unyuzi ilibuniwa mashine ya kupitisha hewa. Sufu iliyofuliwa, yenye uzito maalumu wa gramu chache, hushindiliwa katika kijungu chenye ukubwa usiobadilika, kisha hewa hupitishwa ndani yake. Nyuzi nyembamba huwa nyingi zaidi katika uzito uleule, na kwa hiyo huizuia hewa zaidi. Nyuzi nene huipitisha kwa wepesi. Chombo hicho ni chepesi, cha haraka na cha bei nafuu, na kwa muda mrefu ndicho kilichotegemewa katika maabara za biashara ya sufu.

Mwaka 1957 Australia iliunda mamlaka ya kupima sufu, na New Zealand ikafuata mwaka 1964. Hata hivyo, hapo mwanzo vipimo vilifanywa zaidi baada ya mfugaji kwisha uza, kwa manufaa ya wasafirishaji na wenye viwanda. Mapinduzi ya kweli yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Australia ilipoanza kuuza sufu mnadani kwa sampuli pamoja na hati ya vipimo vilivyofanywa kabla ya mauzo. Tangu hapo mfugaji aliingia mnadani akijua anachokiuza. Tunaomba wasomaji walizingatie jambo hili. Chombo kilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni wakati wa kupima, na mtu wa kupewa jibu.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Je, mara chombo kinapokuja, ugomvi umekwisha? Historia ya sufu inajibu kwamba haukwisha, bali ulihamia mahali pengine. Wataalamu walilazimika kukiuliza kila chombo maswali, na maswali hayo tunayaeleza hapa kwa sababu yanafaa kwa zao lolote.

Swali la kwanza: chombo hiki hasa kinapima nini? Mashine ya hewa haijapata kuuona unyuzi hata mmoja. Inapima namna hewa inavyozuiwa, kisha tunakisia unene. Kukisia huko ni sahihi iwapo nyuzi zote zina uzito wa asili ulio sawa. Lakini ziko sufu ambazo nyuzi zake zina uwazi katikati, kama mwanzi, na kwazo mashine hiyo hupotoka. Chombo kilikuwa kizima, wala hakuna aliyekiharibu. Kilipewa swali ambalo hakikuumbiwa kulijibu.

Swali la pili: je, wastani unatosha? Mashine ya hewa hutoa namba moja tu, yaani wastani. Kumbe mafungu mawili ya sufu yanaweza kuwa na wastani wa mikroni 21, moja likiwa na nyuzi zinazolingana, na jingine likiwa na mchanganyiko wa nyembamba sana na nene sana. Nyuzi zinazozidi mikroni 30 ndizo huchoma ngozi ya mvaaji, kwa sababu ncha zake ni ngumu kupinda. Na zikizidi takriban asilimia 5, watu wengi huikataa nguo. Wastani hauyasemi hayo. Ndiyo maana vikabuniwa vyombo vya kuutazama unyuzi mmoja mmoja: Laserscan ya Australia, ambamo vipande vifupi vya nyuzi huelea katika kimiminika na kupita mbele ya mwanga wa leza; na OFDA, nayo ya Australia, ambamo vipande hutandazwa juu ya kioo na kupigwa picha kwa hadubini yenye kompyuta. Vyote viwili hupima maelfu ya nyuzi kwa muda mfupi, na hutoa wastani pamoja na mtawanyiko wake.

Swali la tatu: chombo kinafanya kazi katika hali gani? Sufu hunywa unyevu wa hewa, na inaweza kubeba maji kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Unyuzi uliolowa kabisa hunenepa kwa takriban asilimia 16 kuliko ulio mkavu. Kwa hiyo sufu ileile ikipimwa siku ya kaskazi kavu na siku ya masika itatoa majibu mawili. Ndiyo sababu maabara hutunza hewa yake katika nyuzi 20 za joto na unyevu wa asilimia 65. Na vyombo vipya vinavyobebwa hadi bandani, vikapima kishungi kisichofuliwa papo hapo baada ya kukatwa, hulazimika kufanyiwa marekebisho ya mafuta, ya joto na ya unyevu. Vina faida kubwa kwa mfugaji anayetaka kuyapanga manyoya yake. Lakini jibu lake si sawa na hati ya maabara, na anayemwuzia mwenziwe kwa jibu hilo hana budi kumwambia hivyo.

Swali la nne: nani amekisawazisha chombo? Namba itokayo katika mashine haina maana mpaka mashine hiyo ilinganishwe na sufu ambayo unene wake umekwisha thibitishwa. Tangu mwaka 1969 uko umoja wa maabara wa kimataifa uitwao Interwoollabs, ambao huwagawia wanachama wake sufu za kusawazishia na kuwapima wenyewe kwa kulinganisha majibu yao. Hapo ndipo inapojulikana tofauti ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chombo kinaweza kutoa jibu lilelile kila mara, na bado kikawa na makosa kila mara, kama saa inayochelewa robo saa kila siku. Kurudia jibu si sawa na kusema kweli. Aidha, Shirika la Kimataifa la Nguo za Sufu, IWTO, limeupa kila utaratibu namba yake: mashine ya hewa ni namba 28, Laserscan ni namba 12, na OFDA ni namba 47. Kwa sababu yako makosa madogo yanayohitilafiana baina ya njia hizo, hati hutaja ni njia gani iliyotumika.

Swali la tano, ambalo ndilo zito: je, jibu la chombo linathibitishwa na matokeo? Katika miaka ya 1980 Australia ilifanya majaribio makubwa yaliyojulikana kwa jina la TEAM. Mafungu ya sufu yalipimwa yakiwa mabichi. Pamoja na wembamba, ulipimwa urefu wa vishungi na nguvu inayohitajiwa kuvikata, kwani kondoo aliyepata njaa au maradhi katikati ya mwaka huacha mahali dhaifu katika kila unyuzi. Kisha sufu hizo zikafuatwa hadi viwandani, na urefu wa nyuzi baada ya kuchanwa ukalinganishwa na vipimo vya awali. Kutokana na hayo ikapatikana kanuni ya hesabu ya kutabiri. Hivyo ndivyo chombo kinavyostahili kuhukumiwa. Maneno mazuri ya anayekiuza si ushahidi, wala taa zinazomemetameta juu yake.

Lakini hata chombo kikijibu maswali yote matano, bado kuna jambo lisilopimika maabara, nalo ni mkono unaokishika. Kwa hili tuutazame mfano wa ndugu zetu wa Lesotho, nchi ya milima ambayo wafugaji wake wadogo huishi kwa sufu na mohea. Kwa miaka mingi sufu yao ilikatwa katika mabanda ya umma, ikapangwa, ikapelekwa mnadani Port Elizabeth, mji ambao sasa unaitwa Gqeberha, huko Afrika Kusini. Mwaka 2018 kanuni mpya ziliagiza kwamba biashara ya sufu ifanyike ndani ya nchi. Nia ya nchi kutaka kunufaika na mali yake si mbaya hata kidogo, nasi tunaielewa. Lakini wafugaji walilalamika kwamba malipo yalichelewa na kwamba wamenyimwa hiari ya kuchagua soko, na mwaka 2019 wakaandamana katika mji mkuu wa Maseru. Hawakuandamana kwa sababu mikroni zilihesabiwa vibaya. Waliandamana kwa ajili ya njia iliyo baina ya kipimo na mfuko wa mfugaji. Kipimo cha haki kinachopita katika mlango uliofungwa hakimfikii mnyonge.

Twarudi nyumbani. Sote tumekaa katika vituo vya kununulia karafuu. Tumemwona mkaguzi akitia mkono guniani, akaivunja karafuu kwa kucha na kuisikiliza kama imekauka, akatafuta makonyo na mpeta, kisha akatamka daraja. Wengi wao ni watu waaminifu na mafundi hodari. Lakini tumewaona pia wakulima wakiondoka kimya, wamekubali kwa mdomo na kukataa kwa moyo, kwa sababu hawakuwa na neno la kujibu. Ukimya huo una hasara kwa taifa zima. Mkulima asiyeamini daraja haoni faida ya kuanika vyema. Na asiyeiamini mizani ya halali atasikiliza maneno ya mwenye jahazi la magendo.

Kwa hiyo, pale vyombo vya kupimia unyevu na ubora vinapoletwa vituoni, tuvipokee kwa furaha, lakini tusivisujudie. Watumishi wanaohusika wajiulize yale yale waliyoulizwa wenye sufu. Chombo hiki kinapima nini hasa? Kinasomaje katika hewa yetu ya pwani, iliyojaa unyevu? Kilisawazishwa lini, na kwa karafuu ipi iliyothibitishwa? Sampuli imetoka katika kila gunia, au imetoka juu ya gunia moja tu? Na jibu lake limekwisha linganishwa na yale yanayotokea ghalani baada ya miezi?

Kisha yako mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi wala wataalamu wa kigeni. Mosi, mkulima asome mwenyewe jibu la chombo kabla bei haijatamkwa, na apewe karatasi yenye jibu hilo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kipimo bila karatasi vivyo hivyo. Pili, sehemu ya sampuli ifungwe na kuhifadhiwa, ili anayekataa apimiwe upya na mtu mwingine asiyekuwa yule wa kwanza. Tatu, anayekagua chombo asiwe ndiye anayenunua kwa chombo hicho.

Wala tusiwatupe mabingwa wetu wa jicho na kidole. Hata Australia, baada ya vyombo vyote hivyo, bado banda la kukatia sufu lina mpangaji wake mwenye cheti, kwani ziko kasoro ambazo jicho lililozoea huziona kabla mashine haijawashwa. Chombo kimsaidie fundi, na fundi akichunge chombo.

Mkulima wa visiwa hivi haombi kupendelewa. Anaomba kwamba alichokipanda, akakichuma juu ya mti mrefu na kukianika juani siku baada ya siku, kiitwe kwa jina lake la kweli. Serikali inayompa hilo itakuwa imempa zaidi ya bei. Tunawaomba waheshimiwa viongozi wa wilaya, kabla ya msimu ujao kufunguliwa, wavitembelee vituo vyao na kutoa amri moja iliyo nyepesi: mizani na vyombo vyote vipimwe kwanza, hadharani, wakulima wakitazama.